Mnara Nyuma ya Nyumba, na Saini Tuliyoitia Barazani



Wiki hii tumeazimia kuandika juu ya jambo ambalo ni nadra kulikuta katika kurasa hizi: minara ya simu inayosimamishwa baina ya nyumba zetu, mitambo ya umeme wa upepo inayozungumzwa huku pwani, na sheria zinazosema kitu gani kijengwe wapi. Sisi si wahandisi wala mawakili, na tusingalithubutu kuligusa jambo hili lau si aibu iliyotupata.

Alasiri moja, tulipokuwa tukiwatawanya watoto wa chuo, alitujia mama mmoja wa mtaa wetu na nakala ya karatasi mkononi. Ni mjane. Asubuhi huuza mahamri na mbaazi kibarazani pake, na wajukuu zake watatu hulala chumba cha nyuma. Hatua sita kutoka ukuta wa chumba hicho palikuwa pamesimamishwa mnara wa simu, na chini ya mnara jenereta. Umeme ukikatika usiku, jenereta huwaka yenyewe. Alitoa salamu, akauliza hali ya watu wa nyumbani, kisha akasema: "Maalim, nimeambiwa majirani wote waliulizwa wakaridhia. Mimi ndiye niliyepakana nao ukuta kwa ukuta. Nani alinisemea?"

Tukaitazama karatasi. Majina saba, yote ya wanaume. Jina la nne lilikuwa letu.

Hapo tukakumbuka. Miezi mingi nyuma, baina ya magharibi na isha, kijana mmoja nadhifu alipita barazani tukiwa kwenye kahawa. Akasema mtandao wa simu mtaani ni dhaifu na kampuni yake yataka kuutengeneza. Nani asiyetaka? Kalamu ikazunguka pamoja na vikombe. Hakuna aliyeuliza mnara utasimama wapi, urefu wake kiasi gani, wala jenereta itaelekea dirisha la nani. Na tangazo la mradi, ambalo sheria yataka liwekwe, lilikuwa limebandikwa kwenye geti la mabati la kiwanja, kwa Kiingereza, upande wa njia ya magari ambako kina mama wa mtaa hawapiti. Mvua ya kwanza ya masika ikalibandua.

Tulimjibu yule mama kwamba ni sisi tuliomsemea, na kwamba tulikosea. Hakusema neno. Aliikunja karatasi akaitia mkobani, akaondoka. Kimya chake ndicho kilichotupeleka kusoma sheria ambazo miaka yote hii tulidhani ni za watu wa ofisini.

Wengi wetu tumekulia katika fikra kwamba mwenye kiwanja ni sultani wa kiwanja chake. Sheria ya Kenya haimpi usultani huo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya mipango ya ardhi. Kisha Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ikaeleza kwamba mtu hawezi kuanza ujenzi wa namna hii mpaka apate idhini ya kaunti. Kiwanja kilichopangiwa makazi kikitaka kubeba kitu cha biashara, matumizi yake yamebadilika, na mabadiliko hayo lazima yaombwe. Mwombaji anatakiwa autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaite watu wapeleke pingamizi zao kwa waziri wa kaunti anayesimamia mipango ya ardhi. Tangazo aghalabu hutoa siku 14. Uamuzi ukitoka na mtu asiridhike, sheria humpa siku 14 nyingine kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti iliyowekwa kwa kazi hiyo, na kutoka hapo njia yaelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Idhini ya kaunti ni moja tu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga huangalia urefu, kwa kuwa mnara karibu na uwanja wa ndege ni hatari; ndiyo maana minara mirefu hupakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa mafungu na kuwekwa taa kileleni. Mamlaka ya Mawasiliano huwapa leseni wenye mitandao. NEMA, ambayo ni mamlaka ya mazingira, ina Sheria ya Mazingira ya 1999 na utaratibu wake wa kutathmini athari za miradi. Leseni ya NEMA nayo hupingika mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na muda wa kufanya hivyo ni siku 60.

Tumezitaja siku hizi kwa makusudi. Sheria haimuulizi mlalamishi kwa nini amechelewa, hata kama alichelewa kwa sababu tangazo lilikuwa upande wa pili wa geti. Yule mjane alikuja kwetu saruji ikiwa imekauka.

Liko jambo jingine ambalo ni letu mahsusi, watu wa Mombasa na miji ya pwani. Wasomaji wetu wa Majengo na mitaa mfano wake wanaufahamu vyema ule mtindo wa kale wa nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, umeirithi kwa bibi yako, lakini kiwanja ni cha mtu mwingine ambaye humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Kampuni ya minara ikitafuta mahali, humwendea mwenye hatimiliki. Yeye huenda akawa anaishi mtaa wa mbali, au hata ng'ambo. Ndiye atakayetia saini mkataba na kupokea kodi ya mnara. Walioweka kuta zao juu ya ardhi ile hawamo katika mkataba. Sheria ya 2019, hata hivyo, inaposema umma haikusema wenye hatimiliki. Mpangaji ni umma. Mwenye nyumba bila ardhi ni umma. Mama anayeshinda nyumbani mchana kutwa na mtoto mchanga, ambaye ndiye atakayekaa na mnara ule saa nyingi zaidi kuliko sisi tunaorudi kulala, naye ni umma, na barua yake ina uzito sawa na ya mumewe.

Sasa tuingie katika lile linalowatia watu hofu zaidi, nalo ni miale. Kila tulipouliza kina mama kuhusu minara, neno la kwanza lilikuwa saratani. Tumesoma kiasi cha uwezo wetu, na insafu yatulazimu kusema tulichokikuta. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi ya redio katika daraja la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, daraja ambalo ushahidi wake haujatosha kukata shauri. Katika daraja hilo hilo imo dondoo ya jani zima la mshubiri. Vipo viwango vya kimataifa vya kuwakinga watu na mawimbi haya, ambavyo nchi nyingi huvifuata. Tena nguvu ya mawimbi hupungua upesi kwa umbali: ukienda mbali mara mbili, inabaki robo yake. Antena zimeelekezwa mbali, usawa wa upeo wa macho, hazikuelekezwa kwenye paa lililo chini yake. Na simu iliyo sikioni huongeza nguvu yake inapokuwa mbali na mnara, kwa kuwa inalazimika kupaza sauti ili isikike. Mama anayeogopa mnara huku akimwachia mtoto simu chini ya mto usiku kucha, labda aanze na ile simu.

Hatusemi haya ili kuwatetea wenye minara. Tunayasema kwa sababu tumeona watu wakienda ofisini na hoja ya saratani peke yake, wakaonyeshwa karatasi ya vipimo, wakarudi mikono mitupu, hali walikuwa na hoja nyingine zenye nguvu ambazo hawakuzitaja. Huko Marekani sheria ya mawasiliano ya 1996 imelifunga kabisa jambo hili: halmashauri ya mji yaweza kukataa mnara kwa sababu ya mahali, urefu au sura yake, lakini haiwezi kuukataa kwa hofu ya miale ikiwa viwango vya serikali kuu vimetimizwa. Hapa kwetu mlango haukufungwa namna hiyo, ila busara ni kuingia kwa mlango ulio wazi zaidi.

Mlango huo ni kelele. Kanuni za NEMA za 2009 kuhusu kelele zimeweka mipaka kwa tarakimu. Kwenye makazi, nje ya nyumba, ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mahali pa ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Mchana wa kanuni hizi huanza saa kumi na mbili asubuhi na kwisha saa mbili usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hukaribia desibeli 60; basi mtu akadirie jenereta ya dizeli hatua sita kutoka kwenye kitanda cha mtoto. (Nasi wenye vipaza sauti misikitini tusijisahau tunapozungumzia kelele, lakini hiyo ni makala ya siku nyingine.) Ongeza moshi wa dizeli, mafuta yanayovuja karibu na kisima, na msingi wa mnara uliochimbwa kando ya nyumba kongwe ya mawe na chokaa. Haya hupimika, hupigwa picha, na afisa wa kaunti hana budi kuyajibu.

Mtu mmoja alituuliza: je, vitabu vyetu vimelisema jambo hili? Mnara wa simu havikuujua, lakini jirani vilimjua sana. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza madhara kila mwanafunzi wa fiqhi anaijua. Wachache hukumbuka jinsi mafukaha walivyotofautiana katika kuitumia. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomwa na watu wa madhehebu yetu ya Shafi, amempa mwenye milki nafasi pana: ameona ni sahihi zaidi kwamba mtu aweza kuigeuza nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au banda la farasi, na duka lake katikati ya wauza nguo kuwa karakana ya mhunzi. Lakini ameweka sharti, nalo ni kwamba achukue tahadhari na aimarishe kuta. Tulipolisoma tena sharti hilo tulitabasamu, kwani linakaribiana sana na idhini ya kaunti yenye masharti: jenga, lakini jenereta iwe ndani ya kasha la kuzuia sauti, na ukuta uwe mnene upande wa jirani.

Majalla ya Waothmani, iliyotungwa katika karne ya 19 kwa madhehebu ya Hanafi na ambayo haikuwa sheria huku kwetu, ilikwenda mbali zaidi. Kuzuiliwa mandhari au upepo wa nyumbani haikukuhesabu kuwa madhara makubwa. Kuchungulia mahali wanapokaa wanawake, kama jikoni, kisimani na uwanjani mwa nyumba, ilikuhesabu. Na wanavyuoni wa zamani waliwahi kujadili hali ya muadhini aliye juu ya mnara akaziona nyua za majirani. Kiswahili kimeuita mnara wa msikiti na mnara wa simu kwa jina moja, na suala lenyewe limerudi: fundi apandapo juu kurekebisha antena, chini yake kuna ua ambamo bibi anaanika nguo bila buibui. Hili halimo katika fomu yoyote ya kaunti tuliyoiona. Laweza kuombwa kwa adabu kama sharti: fundi asipande bila taarifa kwa nyumba zinazopakana, na siku za matengenezo zijulikane mapema. Mtaani kwetu tuliliomba na likakubaliwa bila ya ubishi. Walishangaa tu kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia.

Tukigeukia upepo, kipimo ni kikubwa zaidi na ardhi inayotakiwa ni nyingi zaidi. Mabaharia wetu waliishi kwa kaskazi na kusi, basi si ajabu wawekezaji wauone upepo huo huo. Kule Lamu mradi wa megawati 90 umepangwa upande wa Baharini, karibu na Mpeketoni, na kwa miaka mingi mvutano wake umekuwa wa ardhi. Wanaodhani ardhi ni jambo dogo la kumalizwa na mawakili na wautazame mradi wa Turkana, katika kaunti ya Marsabit: mitambo 365, megawati 310, ekari 150,000. Mitambo ilizunguka, umeme ukafika kwenye gridi ya taifa. Kisha Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi ile zilipatikana kinyume cha taratibu, kwa kuwa ilikuwa ardhi ya jamii na hatua za kisheria za kuitenga hazikufuatwa. Kinangop, katika kaunti ya Nyandarua, wakulima wenye vishamba vidogo waliupinga mradi wa megawati 60. Mtu mmoja alipoteza maisha katika maandamano ya mwaka 2015, na mwaka uliofuata wawekezaji wakauacha.

Mtambo wa upepo una madhara yake ambayo mnara wa simu hauna. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kivuli cha mapanga hupita madirishani kikipepesa tena na tena. Sauti ya mapanga husikika zaidi usiku kijiji kikitulia. Dawa ya yote mawili ni umbali. Denmark wamesema mtambo uwe mbali na nyumba ya jirani angalau mara nne ya urefu wake mpaka ncha ya panga. Jimbo la Bavaria, Ujerumani, mwaka 2014 lilisema mara kumi, baadaye likalegeza. Mtambo wa mita 150 basi ungekaa mita 600 kutoka nyumba ya kwanza kwa hesabu ya Wadenmark, na kilomita moja na nusu kwa hesabu ya Bavaria. Tofauti hiyo katika mashamba ya pwani, ambako nyumba zimetawanyika baina ya minazi na mikorosho, yaweza kuwa ndiyo kijiji kizima. Swali la kuuliza katika mkutano wa mradi ni hili: nyumba iliyo karibu zaidi iko mita ngapi, na ni ya nani?

Na mikutano hiyo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Watu wa Lamu wanalijua hili kuliko yeyote. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, na miongoni mwa sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mtambo wa makaa ni kitu kingine kabisa na panga la upepo au mnara wa simu, lakini mlango waliopitia watu wale ni ule ule: tangazo, maoni, rufaa, kila moja kwa wakati wake.

Isidhaniwe kwamba tunataka minara iondoke. Mjane yule mwenyewe hupokea kwa M-Pesa pesa anazotumiwa na mwanawe, na usiku mjukuu alipobanwa na pumu ni simu iliyoleta gari. Alituambia waziwazi: "Mnara siukatai, Maalim. Nataka kulala." Tuliandika barua tatu pamoja naye. Jina lake likawa la kwanza na letu likafuata, tukaeleza ndani yake kwamba saini yetu ya awali tuliitia bila kujua. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa maneno mengi. Baada ya ya tatu walikuja watu wawili na kipimo cha sauti, wakasimama kwenye chumba cha wajukuu usiku jenereta ikiwaka, wakaandika. Jenereta imehamishwa upande wa barabara na kutiwa kwenye kasha. Mnara haukusogea, wala hautasogea.

Jumatatu iliyopita tangazo jingine limebandikwa, kiwanja tupu nyuma ya soko. Safari hii ni mjane yule aliyeliona kwanza, akalipiga picha kwa simu yake kabla mvua haijanyesha, na akaituma kwa kina mama wa mtaa. Wamekubaliana wakutane chuoni Alhamisi baada ya alasiri. Binti mmoja anayesoma chuo kikuu atawasomea Kiingereza kile, na kila mmoja ataandika barua yake mwenyewe. Wametuomba karatasi, kalamu na anwani ya ofisi ya mipango ya kaunti. Kijana nadhifu naye amekwisha pita barazani na fomu yake. Kahawa tulimpa.

Siku 14 zinakwisha Jumatatu ijayo.